Kusambaza nguo za jumla kutoka Kariakoo kwenda mikoani: hatua kwa hatua

Mwenye duka la nguo Mwanjelwa, Mbeya, au Tunduma hawezi kufunga duka kila baada ya wiki mbili apande basi kwenda Dar kuongeza mzigo. Nauli, malazi, chakula na siku tatu bila mauzo vinamla. Msambazaji anakula kwenye pengo hilo. Anabeba mzigo wa maduka kumi kwa safari moja, gharama zinagawanyika, na kila duka linaletewa bidhaa mlangoni. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mtaji wa shilingi milioni 5 hadi 15 anayetaka kuanza na nguo mpya.

Kwenye jumla faida kwa pisi ni ndogo. Kinachoamua kama utakua au utafilisika ni mambo mawili: mzigo umechukua siku ngapi kuisha, na umekuachia masalia kiasi gani. Wengi wanaoanza wanahangaika kutafuta bei ya chini ya kununulia, wanaipata kweli, kisha wanakufa na masalia na madeni.

1. Chagua njia kabla ya kuchagua nguo

Usianze kwa kununua. Chagua mji mmoja, au barabara moja yenye miji miwili mitatu inayofuatana, kama Makambako, Mbeya na Tunduma. Zungukia maduka yasiyopungua kumi na tano. Swali la kumuuliza mwenye duka ni hili: "Wiki hii wateja wameulizia nini ukawa huna?" Ukimuuliza anauza nini atakujibu "kila kitu". Ukimuuliza alichokosa atakutajia kadeti nyeusi saizi 34 na 36, au boksa za watoto wa miaka sita. Andika kwenye daftari aina, saizi, rangi, bei anayonunulia, mahali anapochukulia, na anaongeza mzigo mara ngapi kwa mwezi.

Kisha jua hela ya eneo hilo inaingia lini. Hapa ndipo msambazaji anayejua kazi anapotofautiana na anayebahatisha. Mtwara na Lindi minada ya korosho huanza Oktoba, na watu wananunua nguo Novemba na Desemba. Shinyanga na Simiyu msimu wa pamba hufunguka kuanzia Mei au Juni. Njombe, Makete na Mbeya baridi inakaza Mei hadi Agosti, na sweta ambalo Dar halina mteja linagombewa kule. Januari hela yote ya mzazi inaenda kwenye sare na viatu vya shule, kwa hiyo gauni la mtoko linakaa. Sikukuu mbili za Idd na Krismasi zinajulikana na kila mtu, na kwa sababu hiyo ndizo zenye ushindani mkali zaidi.

Ukishajua njia na msimu, gawa mtaji. Sehemu saba kati ya kumi ziende kwenye nguo zisizopitwa: fulana za rangi moja, fomu siksi, boksa, soksi, taiti, kadeti, madera, sare. Sehemu tatu ziende kwenye mitindo. Blauzi iliyovuma mitandaoni inaweza kukupa faida mara tatu ya fulana, lakini baada ya wiki nane haina anayeitaka, wakati fulana nyeusi iliyobaki mwezi huu itauzika mwezi ujao kwa bei ileile.

2. Makaratasi

Chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya biashara TRA ukiwa na namba ya NIDA, haitozwi. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Leseni ya duka au stoo inatolewa na halmashauri unakofanyia kazi, na kabla ya hapo TRA watakukadiria kodi na kukupa hati ya kutodaiwa. Siku utakapoagiza mzigo nje mwenyewe utahitaji leseni ya kundi A, ambayo hutolewa na BRELA. VAT inakuhusu mauzo yako yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 100 mwaka 2023.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya kila mzigo ulionunua ikae na mzigo wenyewe, na nakala ibaki kwenye simu. Gari la mizigo likisimamishwa njiani, anayeulizwa risiti ni mwenye mzigo. Muuzaji akikupa bei mbili, moja "na risiti" na nyingine "bila risiti", chukua ya kwanza. Hizo shilingi mia tatu unazookoa kwa pisi hazilipi mzigo uliokamatwa, na mwisho wa mwaka utakosa pa kuonyesha ulinunua kwa bei gani, hivyo mauzo yako yote yataonekana kama faida.

3. Machimbo ya Kariakoo, yaani mahali pa kupatia mzigo kwa bei nafuu

Maduka ya chini yanayotazama barabara, hasa kuelekea Msimbazi na Kongo, yanalipia kodi kubwa ya pango, na kodi hiyo imo kwenye bei. Bidhaa hiyohiyo mara nyingi iko ghorofani, kwa mwagizaji mwenyewe. Panda ngazi. Ulizia bei maduka matatu kabla ya kununua hata pisi moja, na nenda asubuhi siku za katikati ya wiki. Jumamosi wenye maduka hawana muda wa kukufungulia pakiti.

Winga, yaani dalali anayekupeleka madukani, atakupokea tangu unaposhuka kwenye gari. Wapo waaminifu, na wanajua machimbo ambayo peke yako ungeyatafuta wiki nzima. Ila ujira wake unaongezwa juu ya bei yako. Mtumie safari ya kwanza kujua njia, kisha omba namba ya duka na urudi mwenyewe.

Kabla ya kutoa hela uliza mambo manne: pakiti ina pisi ngapi, mgawanyo wa saizi ukoje, zikitoka mbovu anabadilisha ndani ya siku ngapi, na mzigo huohuo atakuwa nao tena lini. La nne ndilo watu wanasahau. Ukifungua soko la kadeti fulani Mbeya, ikaisha, na mwagizaji hana nyingine kwa miezi miwili, umemtengenezea soko mtu mwingine.

Saizi zinaua. Pakiti ya pisi 12 ya fulana za watu wazima inayotembea vizuri ina S moja, M tatu, L nne, XL tatu na XXL moja. Ukiuziwa pakiti yenye saizi sawa kwa sawa, ndani ya mwezi utakuwa umekaa na rundo la S. Na usiamini lebo. Nguo nyingi za China zinakatwa ndogo: XL ya lebo ni L ya mwilini, wakati mwingine M. Beba futi ya fundi. Fulana ya L ikitandazwa mezani inatakiwa iwe na upana wa kifua wa karibu sentimita 54. Ukikuta 49, hiyo ni S iliyobandikwa L, na itakurudia.

Fungua pakiti moja katikati ya rundo, siyo ile ya juu uliyoandaliwa. Vuta mshono wa bega kwa mikono miwili. Nyuzi zikionekana zinaachana, acha. Lowesha kipande cha kitambaa cheupe, sugua upande wa ndani wa nguo nyeusi, nyekundu au ya maruni mara ishirini. Kikitoka na rangi, hiyo nguo itaharibu nguo nyingine kwenye beseni la mteja na lawama zitapanda hadi kwako. Ukiambiwa ni pamba tupu, chomoa uzi mmoja uuwashe: pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Kwenye fulana uliza uzito wa kitambaa: gramu 140 hadi 160 kwa mita ya mraba ni nyepesi, 180 kwenda juu ni ile ambayo mteja akiishika anaridhika. Kwenye suruali panda na ushushe zipu mara kumi.

Nguo zenye nembo za makampuni makubwa ya michezo zinazouzwa bei ya kutupa ni bandia. Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kuzikamata na kuziteketeza, na haijalishi kwamba wewe ulinunua kwa mwingine. Fulana isiyo na nembo inauzika vilevile, na unalala usingizi.

4. Piga hesabu hadi pisi ya mwisho

Tuchukue mfano. Umenunua fulana 600 kwa shilingi 6,000 kila moja: 3,600,000. Kuli na guta kutoka dukani hadi kwenye gari 20,000. Viroba vinne kwenye lori la Mbeya, kila kimoja 18,000: 72,000. Kuli wa kushusha 12,000. Nauli na chakula chako 100,000. Gharama za njiani jumla 204,000, ambazo ukizigawa kwa 600 ni shilingi 340 kwa pisi. Fulana imefika Mbeya kwa 6,340. Unaiuza jumla kwa 7,200.

Zikiisha zote umepata 4,320,000, faida 516,000. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kila mtu anaipiga.

Sasa weka ukweli. Pisi 60, yaani asilimia 10, zimebaki: saizi ndogo na rangi ya njano. Umezimwaga kwa 4,000. Mauzo yanakuwa 3,888,000 na 240,000, jumla 4,128,000. Faida imeshuka hadi 324,000. Masalia ya asilimia 10 yamekula zaidi ya theluthi ya faida. Halafu duka moja ulilolikopesha pisi 48 limefunga na mwenye nalo hapokei simu: 345,600 zimeondoka. Umefanya kazi safari nzima kwa hasara ya 21,600, na haukukosea bei hata mara moja.

Kwa hiyo panga bei ukiwa umeshakata masalia. Kama historia yako inaonyesha asilimia 10 hubaki, bei ya pisi 540 ndiyo ibebe mzigo wote wa 600. Bei hiyo ikiwa soko haliipokei, tatizo liko kwenye ununuzi wako, na dawa yake ni kubadilisha bidhaa au mgawanyo wa saizi.

Pima pia siku. Faida ya 324,000 kwa mzigo ulioisha siku 14 ni biashara nzuri. Faida hiyohiyo kwa siku 60 haikulipii hata chumba.

5. Kufunga na kusafirisha

Panga nguo kwa oda ya kila duka hukohuko Dar, siyo utakapofika. Kila oda iingie kwenye mfuko wake wa nailoni, na ndani uweke karatasi yenye jina la duka na idadi kwa saizi. Kisha mifuko iingie kwenye kiroba, kishonwe mdomo kwa uzi wa katani. Andika kwa kalamu isiyofutika pande mbili: jina, simu, mji, na namba ya kiroba, 1/4, 2/4, na kuendelea. Bila hiyo "/4" hakuna atakayejua kimoja kimebaki njiani. Piga picha kila kiroba kikiwa kwenye gari, na hakikisha risiti ya usafirishaji inataja idadi ya viroba na aina ya mzigo. Iliyoandikwa "mzigo" tu haikusaidii kudai.

Fulana 600 nyepesi ni kama kilo 100. Jinzi 600 zinakaribia kilo 360. Ndiyo maana nauli kwa pisi ya jinzi haiwezi kulingana na ya fulana, na anayezikokotoa kwa mkupuo anajikuta anauza jinzi kwa bei ya hasara bila kujua. Basi linafaa kwa oda ya haraka ya kiroba kimoja. Kuanzia viroba vitatu lori ni nafuu, ingawa linaweza kuchelewa siku mbili. Msimu wa mvua weka nailoni nzito ndani ya kiroba: turubai linavuja, na nguo nyeupe iliyolowa siku mbili inatoka na madoa ya ukungu yasiyofulika.

6. Kuuza, na suala la mali kauli

Wateja wako watakuomba mali kauli: chukua mzigo, lipa ukiuza. Kukataa kabisa ni kufunga mlango, maana wanaoshindana nawe wanakopesha. Kukubali kila mtu ni kugawa mtaji. Kuna utaratibu unaofanya kazi.

Safari tatu za kwanza na duka lolote ni taslimu. Safari ya nne, toa nusu kwa taslimu na nusu kwa siku 14. Deni la duka moja lisizidi faida yako ya mzigo mmoja. Kwa mfano wetu, lisizidi shilingi 300,000. Huo ndio ukomo ambao duka likifa, wewe unabaki na mtaji. Anayedaiwa haongezewi mzigo mpya hadi amalize wa zamani, hata kama amekulipa asilimia 80. Hapa watu wanalegea, kwa sababu mteja anasema kwa ukweli kabisa kwamba akipata mzigo mpya atauza na kulipa yote. Deni la zamani likichanganyika na jipya, mwisho wake mnabishana tarehe.

Kila mkopo uandikwe kwenye kitabu chenye kopi: tarehe, idadi, bei, siku ya kulipa, sahihi na namba ya simu ya pili, ya ndugu au mwenye fremu. Mpe Lipa Namba ya biashara, siyo namba yako binafsi; fedha ya biashara ikichanganyika na ya kula, mwezi haufiki umeshapoteza hesabu.

Kwa duka jipya ziko njia mbili za kumshawishi bila kumkopesha. Ya kwanza ni kuuza nusu pakiti, pisi 6, kwa bei ya juu kidogo ili aonje. Ya pili, yenye nguvu zaidi, ni kumbadilishia: saizi isiyotoka ndani ya wiki mbili, ikiwa safi na ina lebo, unampa saizi nyingine. Mwenye duka anaogopa masalia kama wewe, na wewe unayezungukia maduka kumi na tano unaweza kuhamisha S zake kwenda kwenye duka la jirani na chuo, zinakotakiwa.

Masalia yenyewe yape ukomo wa siku 45. Baada ya hapo yafunge kwa mchanganyiko wa pisi 20 na uwauzie machinga au wachuuzi wanaozunguka minada ya vijijini, kwa bei ya kurudisha hela tu. Nguo inayokaa stoo inafifia kwenye mkunjo na kunuka vumbi, na kila wiki inayopita bei yake inashuka.

7. Stoo na fremu

Mwaka wa kwanza usikodi fremu Kariakoo. Zaidi ya kodi ya pango utaombwa kilemba, yaani fedha ya mkupuo ya kupewa nafasi, na hicho kinaweza kuwa kikubwa kuliko mtaji wako wote. Unachohitaji ni chumba kikavu mkoani, karibu na soko, chenye mbao za kunyanyua mzigo kutoka sakafuni angalau sentimita 10, na mlango mmoja wenye kufuli mbili.

Kata bima ya moto na wizi. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na soko la Karume likateketea Januari 16, 2022. Nguo ndiyo bidhaa inayoshika moto kwa haraka kuliko nyingi. Bima inataka orodha ya mzigo yenye thamani, kwa hiyo daftari la stoo na risiti viwe na nakala nje ya stoo.

8. Ukitaka mitumba

Mtumba unanunuliwa kwa belo lililofungwa, kwa kawaida la kilo 45 hadi 55, bila kuona kilichomo. Faida yote iko kwenye daraja la kwanza, labda robo ya belo. Zinazobaki ndizo zinakurudishia mtaji. Kwa msambazaji maana yake ni kwamba unauza belo zima bila kulifungua, na jina lako linategemea uaminifu wa aliyekuuzia. Nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku na TBS, shirika la viwango, usiziguse.

9. Lini uagize mwenyewe

Agiza pale bidhaa moja, yenye rangi na saizi zilezile, inapoisha pisi 500 kila mwezi kwa miezi minne mfululizo. Kabla ya hapo mwagizaji wa Kariakoo anakubebea hatari kwa bei nafuu.

Nguo zilizotengenezwa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ziko kwenye kundi la juu la ushuru wa forodha, asilimia 35, lililoanza Julai 2022. Mzigo wenye thamani ya forodha ya milioni moja unalipiwa ushuru wa 350,000, kisha VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya 1,350,000, ambayo ni 243,000. Umefika 1,593,000 kabla ya tozo nyingine ndogo na wakala. Bajeti ya kila Juni inaweza kubadilisha viwango, kwa hiyo uliza upya.

Wengi huanza kwa kuchangia kontena na mawakala wa mizigo wa Guangzhou, China, wanaotoza kwa ujazo au kwa kilo. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ina ujazo wa mita 0.12, hivyo katoni nane zinakaribia mita moja ya ujazo. Pima katoni zako mwenyewe kabla hazijapokelewa. Dai risiti halali yenye jina lako. Mzigo ulioingia kwa jina la wakala na kuishia kwako bila karatasi utakutesa TRA. Masoko ya kuanzia huko Guangzhou ni Baima, karibu na stesheni ya reli, na Shahe, ambalo ni la bei ya chini zaidi na hufunguliwa kabla ya alfajiri.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wageni. Viwanda vya China hufunga kwa wiki kadhaa mwaka wao mpya unapoingia, na mwaka 2027 unaangukia Februari 6, siku mbili hivi kabla ya Ramadhani. Idd itakuwa karibu na Machi 10 kutegemea mwandamo. Meli pamoja na kutoa mzigo bandarini huchukua mwezi mmoja hadi miwili. Kwa hiyo mzigo wa Idd hiyo unatakiwa uagizwe Novemba 2026 na uwe umepakiwa melini kufikia mwanzoni mwa Januari. Anayekumbuka Januari mwishoni atalazimika kupandisha nguo kwenye ndege, na kwa jinzi au sweta gharama ya kilo peke yake inamaliza faida.